Walinzi wa Opoka

Aciro alishindwa kutulia. Aliinuka, akachungulia korido ya wodi, akarudi kukaa, akainuka tena. Kitandani, baba yake Opoka, sajini mstaafu wa kambi ya Makindye, alimtazama kwa kejeli.

"Unanikagulia gwaride? Kaa chini, mama."

"Baba, nesi analeta dripu sasa hivi. Umeelewa kazi yake?"

"Nieleze tena, profesa."

Akaeleza. Damuni mna askari wa kuua chochote kilichoharibika. Saratani ya ini haipigani nao, inawabembeleza walale. Ini lenyewe ni pole, limezoea kuvumilia kila kinachotoka tumboni, na saratani inajificha ndani ya upole huo. Dripu inakuja kuwaamsha.

"Kumbe walinzi wangu wanasinzia lindoni!" Opoka akacheka hadi akakohoa. "Ningewatia ndani wote."

Alipocheka, mashavu yake yalijaa, mviringo kabisa. Mikono ilikuwa mikavu kama fito. Aciro akamsogelea: ule haukuwa unene wa chakula.

"Baba, unameza nini?"

"Aa, vidonge alivyonipa rafiki yangu Obwona tu, vya kunenepesha. Wenzangu kambini wanione nimekwisha? Sitaki."

Opoka akachomoa chini ya mto karatasi iliyokunjwa, yenye vidonge ndani. Aciro alivitambua vile vidonge vidogo: steroidi. Navyo huwalaza askari walewale.

Miezi yote hii walikuwa wakisubiri nafasi ya dripu. Akisema, huenda ikaahirishwa. Akinyamaza, huenda ikaingia mwilini ikapita bure.

Nesi Nabwire akaingia akisukuma stendi. "Mzee, kuna dawa nyingine unatumia?"

"Hakuna," Opoka akajibu upesi, akimkazia binti yake macho.

"Ipo, sista," Aciro akasema. Akampa ile karatasi.

Nabwire aliviangalia, akaguna. "Leo hatuanzi. Daktari atavipunguza polepole. Usiviache ghafla, mzee, utaanguka." Akaondoka na stendi yake.

Opoka akageukia ukutani. Aciro akasimama pale, hajui aweke wapi mikono.

"Umeniripoti," baba akasema hatimaye.

"Ndiyo, afande."

Mzee akanyoosha mkono nyuma, bila kugeuka.

"Lete simu. Obwona naye anavimeza kila asubuhi, mjinga yule. Hana binti wa kumripoti."