Miwani Saba ya Shafii

Wallahi, kila neno hapa ni kweli tupu. Jogoo wangu mwekundu, yule anayefukuza hata mbwa, nimemweka rehani: nikibainika nimetia chumvi hata punje moja, mwenye shamba anayetajwa humu aje amchukue, simfungii mlango.

Basi Shafii alikuwa amesimama katikati ya mpunga wa mkewe, saa saba mchana, jua la Mahurunga likimchoma utosi, amevaa miwani ya kuzamia pweza. Kioo chake alikuwa amekibandua na mahali pake kupachika kioo cha simu iliyokufa. Kwenye paji la uso amefunga kamera ya ulinzi, ya zile zinazoona gizani, imezungukwa na vitaa ambavyo jicho la mtu halioni mwanga wake. Mgongoni, ndani ya mkoba wa shule wa binti yao Sabra, kuna betri ya pikipiki.

"Unaona nini?" akauliza Odete, mkewe.

"Nakuona wewe. Mweupe kama unga wa muhogo!"

"Mchana huu hata mimi najiona, Baba Sabra. Nieleze habari za usiku."

Usiku ndio uliokuwa na shida. Mwaka jana kiboko alitoka Ruvuma, na kwa siku mbili tu akaumaliza mpunga wa Odete mpaka mashina. Jaruba lile mama yake alilisafisha kwa mikono yake, alipovuka mto kutoka Msumbiji na mbegu amezifunga kwenye pindo la kanga. Mwaka huu Odete alisema neno moja, huku akimenya muhogo: mpunga ukiliwa tena, jaruba anawarudishia wanakijiji, na yeye anahamia mjini Likombe kwa Sabra kuangalia televisheni. Alilisema kwa upole. Shafii, aliyekaa naye miaka thelathini na saba, alijua kwamba Odete akigomba kuna nafuu. Akisema kwa upole, kwisha.

Na mavuno yalibaki siku kumi.

Majaruba yalikuwa saba, na kila moja lina dungu lake, kile kichanja cha miti ambako mlinzi anakesha na debe lake. Kiboko hamwogopi mtu mmoja mwenye debe. Anawaogopa watu saba wenye madebe saba wanaomjia kutoka upande mmoja. Ila gizani, mpaka mjue yuko wapi, ameshashiba. Kwa hiyo Shafii, fundi redio wa Chikongola aliyestaafu kwa kuwa redio zenyewe zimestaafu, alitengeneza miwani saba. Kila mlinzi aone gizani, na atakachokiona kiruke hewani kifike kwa wenzake sita.

Kulikuwa na tatizo moja dogo. Kisanduku cha kurushia mawimbi, alichokitoa kwenye mabaki ya ofisi fulani, kilikuwa na nguvu za kubeba picha moja tu kwa wakati. Ukikipa mbili zinakatikakatika. Ukikipa saba kinazima. Lazima picha zipange foleni. Nani atangulie? Shafii wala hakukuna kichwa. Alizipanga kama watu wanavyonawa mikono kabla ya kula: mkubwa kwanza, mdogo mwisho.

Saa mbili usiku akakiwasha. Vifijo vikapasuka kwenye madungu yote. "Naona! Jamani, naona!" Kweli waliona. Waliona kidole gumba cha mguu cha Mzee Joaquim, mwenye miaka sabini na tisa, kinene kama kiazi, kimetulia tuli. Mzee alikuwa amelala chali na miwani usoni, na kwa kuwa hakuna aliyemzidi umri, mawimbi yote yalikuwa yake.

Kule ukingoni mwa mto, mahali pabaya wanapowekwa wadogo, msichana Tatu, mdogo kuliko walinzi wote, aliona kitu. Akangoja picha yake iruke. Haikuruka. Akapiga kelele.

"Mjomba Shafii! Yupo! Anakula!"

"Yuko wapi?"

"Hapa!"

"Hapa wapi?"

Upepo wa baharini uliichukua sauti ukaitawanya. Kulipokucha, nusu ya jaruba la Tatu ilikuwa imelala chini, na nyayo kubwa kama sinia zilikuwa zimefika hadi kwenye mpaka wa Odete. Pale zikageuka. Kila mtu alielewa: usiku unaokuja ni zamu ya Odete.

"Mjomba," Tatu akasema, macho mekundu, "usiku kucha nimeangalia mguu wa mzee. Ningeutaka mguu ningekwenda nyumbani kwake."

"Na ni mguu mzuri," akasema Mzee Joaquim.

"Mimi nimefuata heshima tu," Shafii akajitetea.

Odete alikuwa akiyatazama mashimo yale ya nyayo yaliyojaa maji. "Heshima ni ya kwenye sinia, Baba Sabra. Huku shambani tunamsikiliza anayepiga yowe, hata awe amezaliwa juzi. Sisi wengine tunafunga mdomo."

Shafii akaruka juu kama aliyekanyaga kaa la moto, akakimbia nyumbani, kandambili moja akiiacha kwenye tope.

Kutwa nzima aliinamia kompyuta yake isiyo na vitufe vitatu. Hakula. Aliandika amri, akafuta, akacheka peke yake. Picha iliyotulia ikae kimya. Picha yenye kitu kinachotembea, kuanzia ukubwa wa kuku, ipewe mawimbi yote papo hapo, mwenyewe awe na umri wowote.

"Kwa nini kuku?" Odete akauliza.

"Ndiye aliyepita mlangoni nikampimia!"

Usiku ule kioo cha Shafii kilikuwa cheusi, kimya. Vioo vyote vilikuwa kimya. Saa nne hivi kikawaka chenyewe: mabua ya mpunga, meupe, yakiachana; nukta mbili ziking'aa; kisha mgongo mpana kama mtumbwi uliopinduliwa.

"Ni kwangu," Odete alisema, tena kwa upole, na safari hii hakuhitaji kupaza sauti. Watu walikuwa wameshashuka kwenye madungu yao. Walikimbia gizani bila kujikwaa, bila tochi, kila mmoja akijua aendako, wakajipanga upande wa bara, na madebe yakalia kwa pamoja hata Shafii akahisi meno yake yakicheza.

Viboko walikuwa saba! Walimfuata kiongozi wao mwenye pembe moja mdomoni, na kiongozi huyo, katika kukimbia, akamwambaa Mzee Joaquim akaondoka na miwani yake imening'inia jinoni. Akazama nayo. Walinzi wakasimama ukingoni wakaangalia kwenye vioo vyao mchanga wa chini ya Ruvuma, kambare wakipishana, kamba wakiandamana, mpaka ng'ambo ya Msumbiji, ambako mtu mmoja alichungulia kwenye kamera akawapungia mkono.

Nilipofika hapo, nikiwasomea hadithi hii uani kwao, Odete aliacha kupepeta. Ungo ulikuwa umejaa mchele mpya.

"Viboko wangapi?"

"Saba."

"Alikuwa mmoja, na anachechemea. Na miwani ya Joaquim ilidondoka kwenye ndoo yake ya maji. Tuliangalia kitako cha ndoo, maji yakitikisika, mpaka asubuhi. Shafii ni shahidi."

Shafii alikuwa anachomelea waya. Alicheka mpaka akaungua kidole.

"Na wewe usiku huo ulikuwa wapi, shemeji?" Odete akaniuliza.

"Likombe," nikasema. "Nimelala."

"Mlete jogoo."

Nilimleta kwa miguu yangu, ananidonoa njia nzima. Odete, ambaye mpunga wake uko ndani, akampa Tatu, ambaye nusu ya wake bado imesimama. Tatu akamfunga kwenye nguzo ya dungu lake pale ukingoni, na mimi nikapewa miwani ya Joaquim, ingali na unyevunyevu, niende nikakeshe zamu ya mzee.

Kioo kilikuwa cheusi. Kisha kikawaka, kwangu na kwa wenzangu wote sita, nikasikia kicheko kikihama kutoka dungu hadi dungu: jogoo wangu, mweupe pe, ananyoosha shingo na kujikung'uta mbawa, mawimbi yote ya Mahurunga yakiwa yake. Nyuma yake, kwenye kona ya picha, maji ya mto yalifunguka taratibu, nukta mbili zikachomoza ziking'aa.