Jino la Hafidha

Hafidha alikosea jambo moja tu: alisema halali usiku. Jino la nyuma, chini kushoto, lilikuwa likimtwanga wiki nzima, na angelilalamikia jino peke yake wangempa maji ya chumvi asukutue. Lakini mwenye ugonjwa wa akili wa baipola akikosa usingizi, nyumba nzima hukumbuka mwaka ule alipogawa bure vitenge vyote vya dukani kwao, huku akicheka. Dada yake Mwanahawa akapiga simu kijijini Kinole kumwita mjomba wao, Mzee Mwinjuma.

Kwa Waluguru mjomba akishasema, baba mzazi kazi yake ni kuitikia. Mzee Mwinjuma alifika nyumbani kwao Mafiga na mkungu wa ndizi na uamuzi wake tayari. Hafidha alimwamkia, akamweleza vizuri kabisa: dawa zinamkausha mate, kinywa kikavu huoza upesi, nesi wa kliniki alishamwonya, na zile pipi wanazompa ili anyamaze ndizo zimemalizia kazi. Mjomba akamgeukia Mwanahawa, akauliza tangu lini anaongea mengi hivi.

Wakamfungia chumbani, wakamwongezea vidonge kwa kukadiria. Shavu lilipovimba ndipo walipompeleka kwa daktari wa meno, tena kwa shingo upande. Mjomba alieleza kwamba amejigonga mlangoni.

Daktari, kijana nadhifu, alipotajiwa ugonjwa wa Hafidha tu aliacha kumtazama. Akamuuliza mjomba ni jino lipi. Mjomba hakujua, ila mtu mzima kama yeye angewezaje kusema hajui mbele ya watu? Akaonyesha la mbele, lililomeguka ncha mwaka ule wa vitenge, walipomfunga kamba.

"Si hilo, daktari," Hafidha alisema. "La nyuma. Ligonge uone."

Daktari akamwambia atulie. Mwanahawa akashika miguu, mjomba mabega.

Jino lilitoka zima na mzizi wake, halina hata doa. Daktari alilitazama kidogo, akalitupa kwenye ndoo. Ningependa kusema aliona haya, lakini aliita mgonjwa mwingine.

Nyumbani mjomba alivuta kigoda, akauliza kama bado linauma. Simu ilikuwa mkononi mwake; watu wa wodi ya wagonjwa wa akili walishamwambia amlete akiendelea kusumbua. Hafidha aliitazama ile simu.

"Haliumi, Mjomba."

"Tafuna basi nione."

Akampa kipande cha muwa. Hafidha alitafuna kwa upande wa kushoto, kwa sababu ndiko mjomba alikokuwa akitazama. Machozi yalimtoka, akayafuta haraka; katika nyumba ile kulia ni dalili, na kucheka ni dalili.

"Umeona?" mjomba akamwambia Mwanahawa. "Anataka mtu wa kumsikiliza tu."

Akamkatia kipande kingine.