Kiti cha Kofia Nyeupe

Kwetu Itumba, kofia ya mume wangu, Anania, ilikuwa na kiti chake. Nimeishi nayo kama mke mwenza, na mke mwenza huyo hajawahi kuosha hata sahani. Ni nyeupe, ndefu, ya sufu ya kondoo iliyoshindiliwa. Anania alipewa na mzee mmoja wa Kirigizi alipokuwa akisomea mifugo nchini kwao, enzi za Warusi. Huivua kwa mikono miwili, na sakafuni haiwekwi hata nyumba ikiungua.

Siku ya posa nilimwomba aifiche, akakataa. Wageni wakafika kutoka Momba, wafugaji, wakiongozwa na Mzee Bugalama, baba mkubwa wa Emanueli, kijana aliyempenda Diana wetu. Viti havikutosha. Mzee akaona kofia imekaa na watu wamesimama, akarudi nyuma mpaka mlangoni. Nilijua anachowaza, maana hata majirani walishanong'ona kwamba hii ni nyumba ya mganga, na ile ndiyo dawa yenyewe.

Nilianza kueleza kuwa ni zawadi tu, hakunisikiliza. Nyuma ya pazia Diana alikuwa akisubiri na sinia la vikombe.

“Kama ni kofia tu,” Mzee Bugalama akasema, “iweke chini tukae. Kama ni kitu kingine, sisi tunaaga.”

Anania akainyanyua kwa mikono miwili. Nikamwomba Mungu mume wangu ainame aiweke. Binti mmoja tu ninaye, nikawaza, na huyu anampima na manyoya ya kondoo. Akainama kweli, kisha akanyooka.

“Siwezi, mzee wangu. Aliyenipa alisema kofia ni kichwa cha mwenye nayo. Kichwa cha mtu aliyeniheshimu nikikiweka chini leo ili nipate mkwe, kesho chako nitakiweka wapi?”

Nilimchukia mume wangu, nasema kweli.

Mzee akauliza kama watu wa huyo aliyempa kofia wanafuga. Anania akajibu kwamba wanafuga farasi na kondoo, juu milimani kwenye theluji. Mzee akavua pama lake lililochakaa, akatazama sakafu, kisha akamkabidhi Anania kwa mikono miwili.

“Basi na hii ikae nayo.”

Anania akaziweka zote mbili kitini. Wazee wakaketi mkekani, nami nikamwita Diana alete chai.