Sangara Hawana Kosa

Fadhila alikuwa mkuu wa fedha wa Minofu Ziwani, kampuni ya kusindika samaki iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa. Asubuhi ya mkutano mkuu wa wanahisa alikabidhiwa hotuba ya uongo.

"Sema samaki wamepungua," alielekeza Luhende, mwenyekiti wa bodi. "Ziwa halina wakili."

Mkutano ulifanyika hotelini, Nyamagana. Wanahisa wengi walikuwa wazee waliofuata mambo mawili: gawio na pilau. Gawio halikuwepo. Fadhila alikuwa amesoma sentensi chache tu za hotuba kuhusu uhaba wa sangara, Mzee Kashindye wa Sengerema akanyoosha mkono.

"Binti, mauzo yamepanda au yameshuka?"

"Shikamoo, mzee. Yamepanda."

"Marahaba. Sasa hao samaki waliopungua mmewauzaje?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Fadhila alichoka ghafla, akaiweka karatasi mezani.

"Sangara hawana kosa," alisema. "Tulikopa dola tukajenga makao makuu yenye vioo mpaka chooni. Shilingi ikashuka, deni likanenepa. Kiwanda kinapata faida, riba inaila yote. Wateja wa nje nao wanachelewa kutulipa, kwa hiyo tunakopa tena ili tulipe umeme."

"Vioo chooni?" aliuliza Modesta, mwanahisa wa Kirumba. "Mnataka kuona nini?"

Luhende alinyakua kipaza sauti, akatangaza kwamba chakula kiko tayari. Ilikuwa saa nne asubuhi. Alitegemea kuwa wakishiba watapitisha mkopo mpya ambao bodi ilikuwa inauombea idhini, bila maneno. Wazee walitoka mbiombio, wakajaza sahani, halafu wakarudi nazo ukumbini na kuendelea kuuliza huku wakitafuna. Mkopo ulipigiwa kura kwa mikono yenye mafuta, ukakataliwa. Wakaamua jengo liuzwe, deni lipunguzwe.

Mchana huo Luhende alimwita Fadhila ofisini. Alikwenda akiwa ameshafungasha vitu vyake.

"Nilitaka kukufukuza," alisema Luhende, "lakini hakuna mwingine anayeyaelewa madeni ya hilo jengo. Liuze kwanza."

Aliliuza, kwa hasara, na benki ikachukua karibu kila kitu. Ofisi zikahamia kiwandani, ukuta mmoja na chumba cha barafu, na mtandio wa Fadhila ukaanza kunuka samaki hata siku ya Ijumaa. Mama yake alilalamika. Yeye alikuwa analala usingizi mzuri.

Mwaka uliofuata faida ilipatikana, ndogo, lakini ya kweli. Luhende aliitangaza mwenyewe kwenye mkutano mkuu, akaisifu bodi kwa busara yake, akamshukuru Mungu, akamshukuru hata dereva wake. Fadhila hakutajwa. Aliketi safu ya pili akimwangalia mwenyekiti akijipongeza, akacheka kwa sauti, na wala hakujali nani anamgeukia.