Mkanda Mpana wa Presha

Kila ndege ikipita, mke mwenzangu huacha anachofanya na kuinua kidole. "Mwanangu huyo!" Hata ikiwa ya mizigo. Wangu ni fundi cherehani. Sasa nimwonyeshe mtu cherehani angani? Wivu ninao, tena umeota meno.

Juzi huyo rubani wake alikuja kanyong'onyea. Daktari wa marubani kamkuta na presha mia na sitini na nne juu, tisini na nane chini. Mwisho wao ni mia na sitini kwa tisini na tano. Ukizidi, hupati cheti, na bila cheti hurushi kitu. Kaambiwa ajipime nyumbani siku saba, asubuhi na jioni, apeleke namba.

Mashine ya presha pale kwetu ni moja tu, yangu. Mke mwenzangu akaja kuazima, mara ya kwanza akiniita "dada yangu mpenzi."

Nikampa, pamoja na mkanda wangu mwembamba wa kufunga mkononi. Mkono wa rubani mnene kama paja langu. Mkanda ulifungika kwa taabu. Mia na sabini na moja. Jioni, mia na sabini na tatu.

Nesi aliniambia zamani: mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba. Ndiyo maana, enzi za unene wangu, alinipa mpana. Ulikuwa chini ya mto wangu. Sikuutaja.

Siku ya tatu ndege ikapita. Mke mwenzangu hakuinua hata shingo. Aliendelea kuchambua mchele, mawe akiyaacha. Nilidhani nitacheka. Wapi! Nikaona sina tena wa kumwonea kijicho.

"Rubani, njoo. Egemea kiti, miguu chini." Nikamfunga mkanda mpana.

"Mama mkubwa, huu ulikuwa wapi?"

"Likizo."

Mama yake akadakia, "Jamani mwanangu, usiogope mwanangu..."

"Funga mdomo wewe! Anayepimwa hasemeshwi. Halafu, mwanangu au mwanetu?"

Akanitazama, akautazama mkanda. Akaelewa yote, mjinga si yeye.

"Mwanetu," akasema, kama anayemeza kidonge bila maji.

Mia na thelathini na sita kwa themanini na nne. Tukaanza kuhesabu siku saba upya.

Cheti alipata. Jana ndege ikapita, mke mwenzangu akainua kidole, akaniona, akakohoa.

"Mwanetu huyo."

"Mbona anaruka chini chini?" nikamwuliza.