Mwamuzi Asiyetikisika na Viazi vya Mama Mkwe

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, kweli iliyofuliwa ikaanikwa juani. Nikikutwa nimeficha au nimetia chumvi, basi nivalishwe kinyago cha mwamuzi, nisimamishwe mlangoni mwa jikoni, mama mkwe wangu anirushie viazi vitatu. Wanaomjua mama mkwe wangu wanajua hicho si kiapo cha mchezo.

Palikuwa na fundi cherehani ambaye mguu wake wa kulia haukujua kutulia. Miaka thelathini ya kukanyaga pedali ilikuwa imeuharibu. Akila, mguu unashona. Akimsikiliza mwenye nyumba, mguu unashona. Mkewe alisema kulala naye ni kama kulala kiwandani, na kwamba iko siku ataamka akute shuka limetiwa pindo.

Kila Jumamosi fundi huyu alikuwa mwamuzi wa softiboli ya kina dada. Aliinama nyuma ya mdakaji, akitazama kama mpira uliorushwa umepita sawasawa juu ya kile kibao cheupe kilicholazwa chini. Ukipita sawa na mpigaji akaukosa au akauacha, huinua mkono wa kulia na kupaza sauti, "Straiki!" Na ajabu ni hii: pale, na pale tu duniani, mguu wake ulinyamaza. Watu walidhani anapenda mchezo. Alipenda kupumzika.

Mpaka siku mpira ulipokwaruza ncha ya gongo la mpigaji, ukabadili njia, ukamgonga mfupa wa bega. Tangu hapo, gongo likitikisika, naye anatikisika. Mechi iliyofuata alijikunyata kama paka aliyeonyeshwa maji, akafumba macho, akaita straiki mpira uliopita juu ya kichwa cha mpigaji. Uwanja mzima ulicheka, mpaka mpigaji mwenyewe.

Mkaguzi wa waamuzi, mama mfupi mwenye kidole gumba kilichopindishwa na kazi hiyohiyo, alimwita kando.

"Fundi, kinga yako yote iko mbele. Ukigeuka, unaupa mpira mbavu na mgongo. Na ukifumba macho, wale dada wanacheza gizani mchana kweupe."

"Nimekusikia, mama."

"Jumamosi nakuja kukutazama. Ukikwepa mara moja tu, nakutoa nyuma ya kibao moja kwa moja. Utakaa kule mwisho ubadilishe namba za matokeo."

Wiki ile fundi hakutulia. Alimshonea mwalimu mkuu suruali yenye miguu miwili ya kushoto. Alitoka dirishani akaenda mlangoni, akatoka mlangoni akarudi dirishani, mpaka mkewe akamwambia, "Baba watoto, sakafu hii ni ya kupanga, usitutoboe."

Dawa ilitoka kwa mama mkwe, aliyekuwa akiishi nao.

"Mwanangu, uoga hautibiwi, unazoewa. Vaa vitu vyako usimame hapo mlangoni."

Fundi akavaa kinyago na kinga ya kifua, akainama. Mama mkwe akavuta kapu la viazi, akarusha kwa moyo wake wote, maana ruhusa ya namna hii mkwe hapewi mara mbili.

"Hiki cha mazoezi!" Pwaa! "Na hiki cha ule mwaka uliosahau kuja kunijulia hali!"

"Mama, mwaka ule nilikuwa naumwa!"

"Usiongee! Simama!"

Jumatatu alikwepa viazi vyote. Alhamisi alikwepa nusu. Ijumaa bado alikwepa, mkewe akaanza kupika wali kwa kukosa viazi vizima. Jioni ile fundi alijifungia kwenye chumba cha kushonea, akatafakari sana. Alipotoka alikuwa mtu mwingine.

Jumamosi mkaguzi alikaa kwenye kiti cha plastiki, daftari mapajani. Fundi akainama, viganja magotini. Mpira wa tatu tu ulimgonga kinyago, ngaa! Hakutikisika. Mwingine ukampata pajani. Hakutikisika. Njiwa alitua begani pake, akajisafisha mabawa, akaona hii ni sanamu, akaenda kuleta vijiti vya kujenga kiota.

Ukaja mpira wa mwisho, timu zikiwa karibu kulingana. Mrushaji aliuachia kwa nguvu zake zote, mdakaji akateleza, na mpira ukapita glovu yake ukimwelekea fundi shingoni. Mwili mzima ulimwambia kimbia. Macho yakabaki wazi. Alikuwa ameuona ukikata ukingo wa kibao, ukamfika chini ya kidevu, na kabla maumivu hayajafika alikuwa ameshainua mkono.

"Straiki!"

Mkaguzi akafunga daftari. "Nyuma ya kibao ni pako, fundi."

Nilikuwa nimeweka nukta hapo. Mke wangu, aliyekuwa akisoma juu ya bega langu, akakohoa.

"Baba watoto."

"Naam."

"Njiwa nimemvumilia. Na uzi je?"

"Uzi gani?"

Akaenda kabatini, akarudi na suruali ya kijivu, akaitandaza juu ya karatasi zangu. Magotini, pande zote mbili, kulikuwa na mstari wa matundu ya sindano, na upande wa kushoto kipande cha uzi mweupe bado kinaning'inia.

"Fundi ni wewe, suruali ni yako. Ijumaa ile hukutafakari kitu. Uliishona mikono ya shati kwenye magoti usiweze kukwepa!"

"Ilikuwa bandi tu! Mshono wa muda, hata chafya inaukata. Wa kulia ulikatika nilipoita straiki ya kwanza, kraa! Mkaguzi akadhani ni goti. Kuanzia hapo nilisimama mwenyewe."

"Na wa kushoto?"

Nikaufunika ule uzi kwa kiganja.

"Ulirudi nyumbani umeinama kama mtu anayetafuta sindano sakafuni," akasema. "Nilikufungua mimi kwa wembe."

"Misimu sita iliyofuata nilisimama bila uzi hata mmoja!"

"Hiyo hukuiapia. Umeapia hii."

Kweli yenyewe ni kwamba mpaka leo sijui Jumamosi ile alisimama nani, mimi au uzi. Nilitaka kumweleza hivyo, lakini sauti ikatoka jikoni, sauti ya miaka tisini isiyo na kutu.

"Nimesikia kama kuna mtu anadaiwa viazi?"

Kinyago kilikuwa darini. Nikakipangusa vumbi, nikakivaa, nikasimama mlangoni.

"Mama, tafadhali, vile vidogo."

"Vidogo ni vya supu, mwanangu. Inama."

Nikainama, viganja magotini. Mguu wangu wa kulia ulikuwa unashona, unashona mbio kama una kazi ya kesho. Mama mkwe akapima kiazi mkononi, akarudisha mkono nyuma. Mguu ukanyamaza.