Mzazi Mbele ya Jopo

...na sauti ikakatika papo hapo, kwenye neno lenyewe, "Bi Mwanawema, hebu tuambie kwa ufupi, usingizi ni..." ni nini, Profesa, malizia basi, lakini Profesa Matano alikuwa keshaganda kwenye kioo cha kompyuta, mdomo wazi, jicho moja limefumba na jingine limekataa, na wajumbe wawili wa jopo wameganda naye, huyu kashika kikombe, yule anajikuna sikio, wote watatu kule Dar es Salaam katika chumba chenye kiyoyozi, na yeye Mwanawema huku Gando, Pemba, juu ya kitanda cha bibi yake, mto mgongoni, tumbo limefungwa mkaja hadi pumzi inapita kwa kuomba ruhusa, mtoto ubavuni, kompyuta juu ya ndoo iliyopinduliwa, akawa anajiuliza kama na wao wanamwona ameganda, na kama ameganda, ameganda na uso gani, maana tangu ajifungue hajui usingizi wa kushiba, na mtu asiyelala uso wake hauna mwenyewe... na hilo lilikuwa swali la hatari, kwa sababu Profesa alikuwa akisema Kiingereza tangu waanze, na kwa swali hili kahamia Kiswahili, na profesa akihama lugha ujue sasa anataka kweli, usingizi ni... ni nini? ni haki ya nani? ni saa ngapi? wala asithubutu kumwomba arudie, keshaomba mara mbili, "samahani Profesa, mtandao," na mara ya pili yule wa kikombe alitabasamu kama mtu aliyewahi kuwa mwanafunzi, anayeujua mtandao wa kweli na mtandao wa kujitakia, akiomba tena watasema kakwepa, na chuo kimeshamwahirishia hadi kimechoka, barua pepe ya mwisho ilikuwa na adabu nyingi mno, na adabu zikizidi ujue mlango unafungwa, ama aitetee tasnifu leo ama miaka yote ile ya mjini iende na maji... lakini baba, baba naye, si kaahidi kwamba mkono hautashuka, yuko pale nyuma ya dirisha, kasimama juu ya kreti la soda ubavuni mwa banda la kuku, kwa sababu nyumba nzima mtandao unakamata hapo tu, kainyanyua juu simu inayoilisha kompyuta mtandao, kama mtu anayewinda mwezi wa Ramadhani, na alisimama vizuri tangu walipoanza, Mungu amweke, Mzee Msellem na makamo yake yale, hadi ikasikika barabarani, "Asalaam aleikum, Mzee Msellem!" na hapo Mwanawema akajua kwamba basi, kwa sababu baba hawezi kuitika salamu mkono uko hewani mfano wa mtu aliyetekwa, mkono lazima ushuke uje kifuani, "Waaleikum salaam warahmatullah, Mzee Nyange, hujambo?" "Sijambo." "Watoto?" "Hawajambo." "Na mguu ule?" na kila aliyeulizwa hali, na mguu nao, mtandao ukazidi kudidimia, na Mzee Nyange ana watoto wengi na mguu wake una historia ndefu... "Na huyo mzamiaji wako," akasikika akiuliza, "keshaibuka?" Ya Rabi, hilo nalo, na kosa la kumwita mzamiaji ni la baba mwenyewe, alikwenda msikitini akatangaza kwamba binti yake anasomea shahada ya uzamivu, na Gando ni watu wa pwani, wamesikia uzamivu wakaelewa uzamivu, wakashangaa kwa heshima, miaka mitano kusomea kuzamia, na wao wanazamia majongoo ya bahari tangu utotoni bila ya cheti, Mzee Nyange alimfuata siku moja kumuuliza anakwenda pima ngapi, na alipomwambia kwamba ni uzamivu wa elimu alifikiri kidogo akasema, "Elimu gani hiyo ilokuwa chini ya maji, mwanangu?" na sasa swali la Profesa nalo liko chini ya maji, usingizi ni, usingizi ni... sura ya kwanza ya tasnifu yake imesema usingizi ni hali ya kifiziolojia inayojirudia, mstari huo alioutoa mahali, mstari ambao hata yeye ulimlaza, lakini Profesa hataki huo, huo kausoma... afadhali siku ya kwanza chuoni, hiyo ilikuwa aibu nyepesi, ukumbi wa mihadhara mkubwa kuliko msikiti wa Ijumaa, watu mia kadhaa, na yeye katoka Pemba juzi na adabu zake zote, kaingia mlangoni akaanza kwa wa kwanza, "Asalaam aleikum, hujambo, habari za nyumbani," akaja wa pili, akaja wa tatu, yumo katikati ya safu ya nne mhadhiri akaita kutoka jukwaani, "Dada, ukifika kwangu nistue," ukumbi mzima ukacheka na yeye akacheka nao, atafanyaje, lakini alikaa chini akiwaza watu hawa wataishije humu ndani bila ya kujuana hali... na mji wenyewe je, mji haulali, muziki wa baa umeparamia kwaya, kwaya imeparamia adhana, jenereta limeparamia wote, ndipo lilipomjia wazo la utafiti, kelele za mjini na usingizi wa watu, msimamizi wake akalipenda, wakampa na kipima kelele, kidude cha njano chenye taa nyekundu, akaingia nacho mitaani, kumbe watu wakimwona wanadhani ni afisa wa manispaa, mwenye baa anapunguza muziki, anafuta meza, "Karibu afisa, sisi hapa watu wa amani," kwaya wanaimba kwa kunong'ona, popote alipokwenda kupima kelele hakukuwa na kelele, mtaa mmoja wakamsihi ahamie... "Mwanawema!" bibi huyo, kaingia na bakuli la uji wa pilipili manga, Bi Mwatima hapigi hodi nyumbani kwake, "Kunywa uno, ungali moto," akaitazama kompyuta kwa jicho la pembeni, "Wangalipo hao? Watu wazima na ndevu zao wamkodolea mzazi hata arubaini haijesha, huko mjini hawana bibi?" na kukubali kwake mtihani huu kulikuwa kwa masharti, mvuje umefungwa kwenye kitambaa cheusi ukaning'inizwa juu ya kompyuta kumkinga mzazi na macho ya watu, na Mwanawema aliogopa kuuliza kama jopo wanamwona yeye au wanauona mvuje. "Bibi, polepole, wameniuliza swali." "Swali gani?" "Usingizi." "Wewe ndiye waulizwa usingizi? Mtu mwenye macho mfano wa papai bovu?" kisha huruma ikamwingia, akaona hili jambo kubwa, mjukuu wake yumo mtihanini, akauendea mlango akawanyamazisha wote, Mwanakhamis, yule wa kumkanda, aliyekuwa uwanjani akitwanga na kusimulia talaka ya watu, "Nyamazeni! Nyamazeni kabisa, mtoto yumo mtihanini!" mchi ukasimama, talaka ikakatika pabaya, bibi akazima redio, akamwashiria baba na Mzee Nyange dirishani, kidole mdomoni, nao wakatii mfano wa watoto wa chuo cha Kurani, na nyumba ikanyamaza kimya ambacho haijapata kukinyamaza tangu ijengwe... na mtoto akaamka. Hakulia. Akafumbua macho tu, kayatoa, akageuza kichwa kama anayetafuta kitu kilichokuwepo sasa hivi kikatoweka, mdomo ukaanza kujipinda, na Mwanawema akamtazama, subiri, subiri, huyu alilala wakati wa mchi, alilala wakati wa redio na talaka na Mzee Nyange na mguu wake, alilala bibi akimtukana jogoo, sasa kumetulia ndiyo kaamka... na hapo akamjia akilini Mwatum, muuza maandazi wa Manzese, chumba chake ukuta kwa ukuta na mashine ya kusaga, alimuuliza swali la utafiti kama alivyowauliza wenzake, "Kitu gani kinakuamsha, dada?" akajibu bila ya kufikiri, "Umeme ukikatika," mashine ikisimama yeye macho, na Mwanawema alicheka, akaliweka jibu lile kwenye majibu yasiyohusika, msimamizi alisema mtu mmoja si takwimu, lakini hakuwa mmoja, sasa anakumbuka, kulikuwa na mlinzi, kulikuwa na mama mmoja mzee wa karibu na stendi, walijibu vivyo hivyo, wote kawatupa huko huko kwenye yasiyohusika kwa kuwa hawakukaa vizuri kwenye jedwali, na yeye mwenyewe je, bwenini alikesha wiki za mwanzo, akasema ni kelele, haikuwa kelele, alikuwa anaogopa, alikuwa mtu mmoja katikati ya maelfu, akalala siku Khairiya wa kitanda cha pili alipoanza kukariri mifupa ya binadamu kwa sauti, paja, goti, muundi, akalala fofofo na taa inawaka, kwa sababu kuna mtu macho... ni hivyo, ee, ni hivyo tu, mtu halali kwa kuwa kumenyamaza, hulala kwa kuwa yuko mwenzake aliye macho, usingizi ni amana, unajikabidhi, na mji ule wote unaopiga kelele ni watu wanaoambiana niko, niko, lala... na sura ya nne ya tasnifu inasema kinyume, kurasa na kurasa na michoro ya rangi, akilisema hili mbele ya jopo anaikata sura yake kwa mkono wake, wanaweza kumfelisha, wanaweza kumwambia arudi mwanzo, na asipolisema atatoka daktari wa kitu ambacho si kweli na mtoto wake shahidi... lakini kwanza mdomo huu unaojipinda, atalia, na akilia jopo halitasikia jingine. "Bibi," akanong'ona, "gombana." "Nigombane na nani?" "Na yeyote, bibi, haraka." Bi Mwatima akamtazama kama anayeuliza homa ya uzazi huanza vipi, kisha, kwa kuwa mjukuu wake ni msomi na ameomba kwa adabu, akauendea dirisha na wala hakutafuta sababu, zilikuwepo siku zote, "Nyange we! Ndo umekuja kusimama hapo na ndoana zako, kuku wangu wakimeza nani atawapasua?" "Nimekuja kusalimu, Bi Mwatima!" "Salamu gani haina mwisho? Na weye Msellem, mkono juu!" na mchi ukaitikia uwanjani, dhu, dhu, talaka ikaendelea pale ilipokatikia, mume kumbe ndiye aliyerudi na sanduku, na mtoto akasikiliza, akasikiliza, kope zikawa nzito, zikateremka... na Mwanawema akakaa sawa ndani ya mkaja wake, hajui kama mkono wa baba umepanda au bado uko kifuani, hajui kama kule mjini wanamsikia au wanausikia mchi, hofu aliitafuta pale alipoizoea asiione, maana jibu lilikuwa lake, hakulitoa mahali, "Mtu halali kwa kimya, Profesa," akaanza, kwa lafudhi ya Gando aliyoifunika miaka yote ile ya chuo, na kwenye kioo Profesa Matano alikuwa vile vile, hajatikisika, mdomo wazi, ila sasa alionekana kama mtu anayesikiliza.